Watoro wa Ghala la Kwelusi

Mlango wa chuma ulipojifunga nyuma yetu, nilimwambia Ponera maneno ambayo bibi yangu alituambia kila jioni tukiwa watoto: "Fungeni midomo, panya wasitoroke."

Ponera alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Yeye ni karani wa Baraza la Kuta, Mngoni wa Songea. Mimi ni Mhehe wa Ifunda, na makabila yetu ni watani tangu vita vya mababu. Anaweza kunitukana mbele ya hakimu na hakuna wa kumuuliza.

"Mla mbwa wewe," akasema, kama Wangoni wanavyotutania Wahehe wote, "humu hakuna hata mfupa wa kukutuliza. Kaa kitini tuanze."

Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa imeshawaka. Kila neno linalosemwa ndani ya chumba cha usikilizaji huingia humo, hata chafya, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifuta.

Sikukaa mara moja. Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye komeo, kuuvuta mlango uache mwanya wa kidole. Ni tabia ya kwetu. Baba yake bibi, ambaye mimi nilimjua kwa picha moja iliyofifia, alikuwa akisema yale maneno ya panya, anafunga mlango, kisha anaufungua tena kidogo na kuuacha hivyohivyo mpaka asubuhi, mvua inyeshe, baridi ya Ifunda ipige. Bibi akarithi, mama akarithi, na mimi nikarithi. Wageni walidhani ni kwa ajili ya hewa. Lakini mlango wa Baraza haurudi nyuma. Ukishafungwa, umefungwa mpaka msikilizaji aape.

Nasema ukweli, siipendi milango iliyofungwa. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mbili, na ule mlio wa komeo sijauzoea.

Ghala hili la shamba la mkonge la Kwelusi ni chumba kirefu cha mawe, paa la bati, bila dirisha hata moja. Enzi za ukoloni waliweka humo marobota ya mkonge. Sasa palikuwa na kiti changu, meza ya Ponera, feni moja ya betri, na ule mtambo tunaouita Sikio, umeegemea ukuta wa mashariki na miguu yake mitatu.

Watu wa mjini hudhani kuta zinasikia kila siku. Hazisikii. Zingekuwa zinasikia kila siku, ndoa ngapi zingevunjika. Ukuta unasikia chokaa yake ikiwa mbichi tu, wiki mbili tatu hivi, inapokauka taratibu na kila mtikisiko wa hewa unaacha alama ndogo ndani yake. Ikishakauka, imeziba masikio. Sikio hupitisha mwanga juu ya chokaa, hukwangua tabaka jembamba kuliko ngozi ya kitunguu, husoma zile alama, na tabaka hilo huanguka chini likiwa unga. Usomaji ni mara moja. Hakuna kurudia.

Na mtambo hauruhusiwi kusema wenyewe. Zamani uliruhusiwa, na katika kesi moja ukagundulika ulikuwa unajaza mapengo kwa maneno ya kubuni, matamu kabisa, watu wakahukumiwa kwayo. Tangu hapo sheria inamtaka mtu. Mimi naambatishiwa kipande cha shaba kwenye taya, sauti inaingia kupitia mfupa, nami natamka kwa sauti kila ninachosikia. Nisichokielewa nasema "sijui". Kazi yenyewe ni hiyo. Wanaoiweza ni wachache kwa sababu watu wengi hawawezi kusema sijui.

Kabla ya kuingia, Bi Editruda Mapunda alinishika mkono. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, macho makavu. Nyuma yake walisimama watu wa Kambi Tisa, kaya zote, ambao wameishi kwenye vibanda vile vya manamba, vibarua wa mkataba wa zamani, kizazi baada ya kizazi. Kampuni ya Mkonge Anga, inayosuka singa za mkonge kwa ajili ya maputo ya hali ya hewa, ilikuwa imewapa siku saba waondoke.

"Mwanangu Twilumba," alisema, "bibi yangu alitoka Songea kwa miguu kuja kumtafuta mumewe hapa. Wakamwambia mumeo katoroka na mwanamke. Hakurudi kwao kwa aibu. Alikufa ana hasira na yule mzee. Sasa wewe nenda ukasikilize kama ile hasira ilikuwa ya haki."

Kampuni ilikuwa na daftari moja tu, la rangi ya kahawia, lililoachwa na mameneja wa kikoloni. Ukurasa mmoja ulikuwa na namba kumi na moja, na mbele ya kila namba neno moja: mtoro. Sheria ya Kuta inasema mtu akifa mahali kwa dhuluma na sauti yake ikathibitishwa, uzao wake una haki ya kukaa hapo. Lakini mtoro hakufia hapa. Mtoro kaondoka kwa miguu yake, na uzao wake ni wavamizi. Neno lililoandikwa na mtu mmoja kwa kalamu ya wino, karibu miaka mia moja iliyopita, ndilo lililokuwa linawabomolea watu nyumba wiki ile.

*

Matabaka ya kwanza yalikuwa ya wale mafundi waliopaka chokaa. Ndoo, mwiko, mtu anapiga mluzi. Nikatamka: "Mtu anapiga mluzi. Mwingine anasema, huku juu kumebaki. Mwingine anasema, panda wewe mwenye miguu ya korongo." Ponera aliandika huku akitabasamu. Walikuwa Wangoni; lafudhi ile hata mtoto anaijua.

Saa tatu na nusu nilisikia hatua za watu wengi na mlango ukifunguliwa.

"Watu wanaingia," nikasema. "Wengi. Mmoja anasema, humu kuna joto, nyapara. Mwanamume mwingine, yuko mlangoni, anasema: Afisa wa Kazi anakuja leo. Mikataba yenu imekwisha tangu mwezi wa pili na bwana mkubwa hajawarudisha kwenu. Hataki muonekane. Kaeni humu, saa sita nawafungulia."

Ponera alisimamisha kalamu. Lile ndilo neno tulilolifuata. Wafanyakazi waliobakizwa kwa nguvu, mikataba imekwisha, wanafichwa mkaguzi asiwaone.

"Wanacheka," niliendelea. "Mmoja anasema, nyie Wahehe hamjui kufunga hata kamba ya mbuzi, utatufunga sisi. Nyapara anacheka pia. Anasema..."

Sauti iliingia kwenye mfupa wa taya langu kama inavyoingia siku zote, kavu, ya mbali. Lakini niliijua. Sikuijua yenyewe, nilijua mwendo wake, jinsi ilivyovuta neno la kwanza na kulikata la mwisho, kwa sababu bibi yangu huvuta na kukata hapohapo mpaka leo, ana miaka themanini na minane.

Fungeni midomo, panya wasitoroke.

Komeo likalia. Ndani wakaangua kicheko, na mmoja akapiga kelele, Lupituko, leo umekula mbwa wa nani?

Lupituko ni jina la baba yake bibi.

"Twilumba," Ponera aliita. "Anasema nini?"

"Sijui," nikasema.

"Hao wengine je?"

"Sijui."

Tabaka lile likaanguka, unga mweupe juu ya viatu vyangu. Miaka kumi na mbili sijawahi kusema sijui ya uongo.

Kwetu tuliambiwa babu huyo alifanya kazi ya reli. Alirudi Ifunda na mabati migongoni mwa punda wawili, akajenga nyumba ya kwanza ya bati kijijini, na hakutoka tena. Hakuna aliyewahi kutaja mkonge. Ndiyo maana nilipochunguzwa ukoo kabla ya kupewa kesi hii, majibu yalitoka safi. Na daftari la shamba lilimwandika kwa jina la kambini, Juma Korona, kwa sababu aliwahi kusimamia ile mashine ya korona inayochana majani ya mkonge. Nani angejua?

Sheria iko wazi: msikilizaji asiwe damu ya mtu yeyote aliyesikika ukutani. Akigundulika ni damu, usikilizaji wote ni batili. Na ukuta ulikuwa umeshaliwa nusu.

Sikuwa na pa kwenda. Nikaendelea kutamka.

*

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonivunja, na haimo kwenye daftari lolote.

Wale watu hawakuogopa. Walidhani wanataniwa.

Walikaa chini wakamtukana nyapara wao kwa raha zao. Wakapanga watakachomfanyia akifungua: mmoja alisema atajifanya amekufa, mwingine atamwambia jicho limepofuka, alipe fidia ya kuku. Saa sita ikapita. "Huyu Mhehe leo amekazana," mmoja akasema, nami nikatamka vilevile. Mtu wa makamo, wakimwita Aloisi, akasema wapige mlango. Wakamzomea. Atakayepiga mlango kwanza ndiye atakayekuwa ameshindwa, walisema, na Lupituko atamwimba kambi nzima mpaka mwaka mpya.

Kila jina hilo lilipotajwa nilisema "nyapara". Ponera hakuinua macho.

Alasiri gari likasimama nje. Nikasikia mtu anazungumza Kiingereza, na nyapara anatafsiri. Afisa wa Kazi alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Kelele moja tu ingetosha. Na wale watu kumi na mmoja, najua hutaniamini, walinyamaza. Walizibana midomo. Nilisikia pumzi za watu wanaozuia kicheko, na mmoja akanong'ona, shii, asitushinde.

Gari likaondoka.

"Mungu wangu," Ponera alisema polepole. Kisha akavuta karatasi kutoka kwenye jalada lake na kusoma: "Ripoti ya Afisa wa Kazi. Wafanyakazi wote wa Kwelusi wana mikataba hai. Nimemchukua nyapara aitwaye Juma Korona awe mkalimani wangu katika mashamba matatu mengine. Tumerudi Jumapili." Akaikunja. "Siku ile ilikuwa Ijumaa."

Nyapara alikwenda na ufunguo mfukoni. Alikaa kwenye gari siku mbili ubavuni mwa mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumwamuru meneja afungue, na hakusema. Niliwaza alivyokuwa anakaa pale, magoti yamebanwa, anatafsiri salamu na hesabu za majembe. Labda alidhani meneja atatuma mtu. Labda aliogopa. Mimi siwezi kumtetea na wala sikutaka.

Jioni wakaanza kupiga mlango kweli. Korona ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia, au aliyesikia alikatazwa kusogea. Jumamosi paa la bati lilikuwa moto tangu asubuhi. Utani ukaisha. Walianza kuitana, kama walivyoitwa alfajiri kwenye gwaride la kazi, kujua nani bado yu hai. Mmoja wao, Maiko Zenda, ndiye aliyeita.

"Anasema, tusiitane namba," nilitamka. "Anasema, majina. Aloisi Mapunda. Mtu anaitikia, yupo. Osmundi Haule. Yupo. Kasiani Nchimbi. Yupo. Zaveri Komba. Kimya. Halafu mtu mwingine anaitikia kwa niaba yake. Yupo."

Waliitana hivyo mara tano. Asiyeweza kuitika aliitikiwa na jirani yake. Mara ya tano ilikuwa sauti moja tu, ya Maiko Zenda, anaita majina kumi na kumuitikia kila mmoja. Yupo. Yupo. Yupo. Akafika kwenye jina lake mwenyewe, akalitaja, na hakukuwa na mtu wa kumuitikia.

Nililia na kutamka kwa wakati mmoja. Mafunzo yanasema usilie, machozi yanatikisa shaba. Shauri ya mafunzo.

Tabaka la mwisho lenye sauti lilikuwa la Jumapili. Mlango ukafunguliwa. Hatua za mtu mmoja, mbili, zikasimama. Yule nyapara akasema kwa sauti ya kutania, lakini ilikuwa inatetemeka: Wala panya, amkeni, nimekuja. Akarudia. Akarudia tena. Kisha ikaja sauti ya mtu mwingine, mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrisha: Wazikwe nyuma ya korona. Wewe utasema wametoroka. Nitakupa bati za nyumba, urudi kwenu.

Nilitamka hilo la bati. Kila neno.

Baada ya hapo chokaa ilikuwa imekauka, na ukuta haukusikia kitu tena.

*

Ilikuwa saa tisa. Feni ilikuwa inazunguka kivivu, betri inakaribia kwisha. Ponera aliweka mbele yangu kibao cha kiapo. Kuna maneno mawili tu yanayofungua mlango: nimesikia na nimesema. Nilitakiwa kuweka kiganja na kuyatamka.

Sikuweka.

"Twilumba," Ponera alisema. Hakuniita mla mbwa. "Mara mbili umesema sijui, na midomo yako ilikuwa inacheza."

Nikamtazama yule mtu. Nimefanya naye kazi miaka saba, amenizikia mama yangu, akaruka juu ya kaburi na kudai ugoro kama mtani anavyotakiwa, mpaka ndugu zangu wakacheka katikati ya kilio.

"Sentensi ya mlangoni ikikosekana, nini kinatokea?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Tunao watu waliofia ndani, na tunaye nyapara. Hatuna aliyefunga komeo. Wakili wa kampuni atasema walijifungia kwa kuiba mkonge, au mlango uligoma. Watabaki watoro waliokwama." Akavua miwani. "Alisema nini, huyo nyapara?"

"Umekisikia asubuhi."

Niliona linavyomwingia, kutoka paji la uso mpaka mdomoni. Akageuka kuitazama ile taa nyekundu. Sauti yangu ilikuwa humo, saa mbili na robo asubuhi, ninacheka: fungeni midomo, panya wasitoroke. Nikiyatamka sasa kama maneno ya ukutani, wakili yeyote mwenye masikio ataziweka sauti mbili pamoja na kuuliza msikilizaji aliyajuaje kabla ukuta haujaguswa. Nikiyanyamazia, nimefanya kile alichofanya Lupituko ndani ya gari.

"Ni nani wako?"

"Baba yake bibi."

"Yule wa nyumba ya bati?"

"Huyohuyo."

Ponera aliketi. Nje, kwa mbali, watu wa Kambi Tisa walikuwa wanaimba kitu cha kanisani, taratibu, kama watu waliozoea kusubiri.

"Kuna njia moja," akasema hatimaye. "Siipendi. Kifungu cha ukiri. Unaacha kuwa msikilizaji, unakuwa shahidi dhidi ya damu yako mwenyewe. Sheria inamkataa ndugu anayesikiliza ili kuficha, lakini inampokea ndugu anayekiri. Ukuta utasimama. Ila ukiri una uzito wake. Leseni yako inakufa leo, hutasikiliza tena ukuta wowote. Na chochote ambacho familia ilipata kwa ile dhuluma kinarudi kwa waliodhulumiwa."

"Nyumba ya bibi."

"Nyumba ya bibi."

Nilimwona bibi amekaa barazani, mgongo kwenye ukuta ule anaoupaka udongo mweupe kila Krismasi, akiwaambia wajukuu wa wajukuu habari za baba yake mtu wa reli. Miaka themanini na minane. Nimwambieje? Nimwambie hata ule mwanya wa mlango, ule aliotufundisha kwa upendo, ulikuwa ni mtu anayejaribu kila usiku kuwafungulia watu waliokwisha kufa?

Hilo lilinichoma kuliko nyumba.

"Na mlango huu?" nikauliza.

"Hautafunguka kwa kiapo, maana hutakuwa na kiapo. Utafunguliwa na hakimu mwenyewe, na hakimu yuko Tanga. Kesho asubuhi, akiwahi." Akatazama feni. "Labda mtu awe anakufa. Sisi bado hatujaanza kufa vizuri."

"Nitakufungia na wewe humu."

"Mhehe kumfungia Mngoni kwenye ghala la Kwelusi," alisema. "Si mara ya kwanza."

Nilicheka. Kicheko kilitoka vibaya, kama kikohozi, lakini nilicheka, na yeye akacheka, na kisha sote wawili tukanyamaza kwa sababu tulikumbuka ni akina nani wengine waliocheka mle.

Nikasogeza mdomo karibu na kinasa sauti.

"Mimi Twilumba Mhapa," nikasema, "naacha kusikiliza na ninakiri. Pale niliposema sijui, nilijua. Mtu aliyefunga mlango wa ghala hili alisema: fungeni midomo, panya wasitoroke. Aliyekuwa ndani akamwita kwa jina lake, Lupituko. Ni Lupituko Kihwele, baba mzazi wa bibi yangu. Nyumba yetu ya Ifunda imeezekwa kwa bati za kunyamaza kwake."

Kibao cha kiapo kikazima. Dakika moja baadaye feni nayo ikazima.

*

Joto lile sitalielezea. Bati lilikuwa linalia juu kama sufuria. Ponera alivua shati akalikunja vizuri mezani, mtu wa utaratibu mpaka mwisho. Mimi nikaenda mlangoni na kupiga kwa kiganja, mara tatu.

Nyimbo zikakatika.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Editruda, karibu kabisa. Mlango ule ni mzito, lakini chini kuna mwanya ambao ungepitisha ukucha tu. Nikalala kifudifudi, shavu juu ya ule unga wa chokaa, mdomo kwenye mwanya.

"Ni mimi, mama. Twilumba. Hatufunguliwi mpaka kesho."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia wale mafundi na mluzi wao, mikataba iliyokwisha, utani, gari lililosimama, mpaka bati. Nikamwambia kwamba babu yake hakutoroka na mwanamke yeyote, kwamba yeye ndiye aliyetaka mlango upigwe mapema na wakamzomea. Nikamwambia aliyefunga alikuwa wa kwetu. Niliongea nikisikia watu wanasogea, miguu mingi, halafu hakuna aliyekuwa anasogea tena.

Nilisema moyoni, wakiondoka wana haki.

"Huyo babu yako," Bi Editruda alisema mwishowe, "aliwahi kusema pole?"

"Hapana, mama. Alikuwa anaacha mlango wazi usiku. Basi."

Akavuta pumzi. Nilisikia anakaa chini, mifupa yake ya magoti, kanga inasugua sakafu. Mdomo wake ukaja upande wa pili wa mwanya, inchi chache kutoka wangu.

"Taja majina," akasema.

"Mama?"

"Waliitana, si umesema? Basi waite. Sisi tupo."

Ponera alikuja akapiga magoti karibu nami. Nikaita, mdomo umekauka, sauti imepasuka.

"Aloisi Mapunda."

"Yupo," Bi Editruda akaitika, na sauti yake ilikatika katikati ya lile neno fupi.

"Osmundi Haule."

"Yupo." Mwanamume, yuko mbali kidogo.

"Kasiani Nchimbi."

"Yupo." Hawa walikuwa wengi, wanawake na wanaume, familia nzima kwa pamoja.

"Zaveri Komba."

"Yupo."

Nikaendelea, jina baada ya jina. Wengine waliitika wakilia, mmoja aliitika kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na daftari, na nilimwelewa. Kumi waliitikiwa. Nikafika kwa yule aliyewaitikia wenzake wote.

"Maiko Zenda."

Hakuna aliyeitika.

Nikaita tena, nikadhani hawakunisikia. Nje walinong'onezana. Zenda, Zenda, kuna Zenda hapa? Hakuwa na mke, labda. Hakuna aliyetoka Songea kumtafuta.

"Huyo hana mtu hapa," Bi Editruda akasema. Kisha vidole vyake vikaingia kwenye mwanya chini ya mlango, kucha tu, vikavu, vyenye vumbi la mkonge. "Itikia wewe, mtani. Wewe si ndiye uliyebaki naye ndani?"

Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake.

"Yupo," nikasema.